Kagua Gari Lako Waranti Ikiwa Bado Hai

Hebu jibu hili bila kufungua dashibodi: waranti ya gari lako inaisha lini? Usitaje mwaka, taja tarehe. Na kama ni pikipiki, inaisha ikigonga kilomita ngapi?

Wengi ninaowauliza hunijibu, "Si iko kwa kile kitabu?" Ni kweli, iko kwa kile kitabu. Na kitabu kiko chini ya risiti za kuegesha gari na chaja ya simu iliyokufa mwaka juzi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anajua salio la simu yake hadi shilingi ya mwisho, anajua mkopo wa simu unalipwa siku gani, na anajua bima ya gari inaisha lini kwa sababu polisi wanajua pia. Waranti haina polisi. Inaisha kimya kimya usiku, na asubuhi unawasha gari lile lile, linanguruma vile vile, ila sasa kila kitu ndani yake ni mzigo wako.

Maoni yangu ni haya: kama una pesa ya ukaguzi mmoja tu katika maisha ya gari lako, itumie mwezi mmoja au miwili kabla ya waranti kuisha, wakati gari linaonekana halina shida yoyote. Najua inasikika kama kumtafutia mtu mzima ugonjwa. Ndiyo maana watu hawafanyi. Lakini mimi naona hesabu iko upande wangu.

Ubovu huanza kabla hujausikia

Vyombo vya moto haviharibiki siku moja. Sili ya giaboksi huanza kwa kutoa jasho tu, unyevu mdogo unaokamata vumbi, na haidondoshi hata tone moja la oili sakafuni. Pampu ya maji huacha alama kavu ya rangi pale maji ya radieta yalipopita. Ile raba inayofunika kiungo cha ekseli ya mbele hupasuka ufa mdogo, grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia, na miezi kadhaa baadaye ndipo unasikia tak-tak-tak ukikata kona. Beringi ya gurudumu huanza na mngurumo ambao utasema ni tairi, au ni lami mbaya ya barabara fulani.

Na anayechelewa zaidi kuusikia mlio huo ni wewe unayeliendesha gari kila siku. Sikio linazoea. Mlio unaongezeka kidogo kidogo na wewe unapandisha redio kidogo kidogo. Mgeni akiingia ndani ya gari lako anauliza, "Hiyo ni nini inalia?" na unamjibu, "Inalia wapi?"

Sasa fikiria sili iliyoanza kutoa jasho mwezi wa 34, kwenye gari lenye waranti ya miezi 36, halafu ikaachia kabisa mwezi wa 38. Ikionekana na kuandikwa mwezi wa 34, anayelipa ni muuzaji. Ikigunduliwa mwezi wa 38, mlipaji ni wewe. Ubovu ni ule ule, na spea ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza kulikuwa na karatasi yenye tarehe na mara ya pili hakuna.

Niseme pia kwamba waranti haifuniki kila kitu, na kuna watu hurudi kwa muuzaji na hasira zisizo na msingi. Breki pedi, tairi, klachi, wipa, balbu na filta ni vitu vya kuisha, na kwa kawaida havimo. Betri mara nyingi huwa na muda wake mfupi. Waranti iko hasa kwa mambo mazito, yaani injini, giaboksi, usukani, vifaa vya umeme na kompresa ya AC. Yaani vile vitu ambavyo vikiharibika unaanza kufikiria kuuza ng'ombe.

Kilomita hazifuati kalenda

Gari jipya la showroom mara nyingi huja na waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Watu husikia "miaka 3" na kusahau sehemu ya pili. Kwa mwenye gari la kwenda kanisani na sokoni hiyo si shida, miaka itaisha kwanza. Lakini tazama dereva wa teksi ya programu anayezunguka kilomita 200 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilomita 1,200 kila wiki. Kilomita 100,000 zinaisha kwa takriban wiki 83, yaani mwaka 1 na miezi 7. Yeye moyoni anajua amebakisha zaidi ya mwaka. Kwa muuzaji, waranti yake ilishazikwa.

Kwa pikipiki ni mbio zaidi. Tuseme kitabu chako kinasema kilomita 10,000 na wewe unapiga 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Wiki 14 na umemaliza, kabla hata mkopo wa hiyo pikipiki haujafika katikati. Hapo ndipo roho inaniuma kwa watu wa boda: injini ikikwama wiki ya 20, malipo ya kila siku ya mkopo hayakwami nayo. Unalipia chombo kilichosimama.

Kwa hivyo usiweke kumbusho la tarehe pekee kwenye simu. Chukua kilomita zinazobaki, gawanya kwa unazopiga kwa wiki, halafu rudi nyuma wiki 6. Hiyo ndiyo siku yako ya ukaguzi. Kama hiyo siku imepita, basi siku yako ni kesho.

"Usijali, iko na waranti ya miezi mitatu"

Wengi wetu hatununui gari jipya. Tunanunua lililotoka Japani, kwa bei ambayo tayari imekula akiba ya miaka. Huko Japani waranti ya kawaida ya mtengenezaji ni miaka 3 au kilomita 60,000, na ya sehemu kubwa kama injini ni miaka 5 au kilomita 100,000. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8, na mengi tunayonunua yako karibu na ukingo huo, kwa hivyo waranti ya kiwandani ilishaisha kabla gari halijapanda meli. Na ule ukaguzi unaofanyika kabla ya kusafirishwa kwa niaba ya KEBS unaangalia kama gari linafaa kuwa barabarani na kama linatimiza viwango. Haukuhakikishii kwamba giaboksi itafika Krismasi.

Kinachobaki ni waranti ya yadi. Unajua ile: "Boss, usijali, injini na giaboksi iko na miezi mitatu." Inasemwa kwa mdomo, ukiwa umeshashika funguo na macho yako yako kwa rimu.

Hiyo waranti ina thamani, lakini kwa sharti kwamba imeandikwa. Ifanye iwe sehemu ya mkataba wa mauzo: inaanza lini, inaisha lini, inafunika nini, ikiharibika nani analipa spea na nani analipa fundi. Kama umeshachukua gari na hukuandikiwa chochote, tuma ujumbe wa WhatsApp leo: "Habari, nathibitisha kwamba gari nililonunua kwenu tarehe fulani lina waranti ya miezi 3 ya injini na giaboksi kama mlivyoniambia." Akijibu "Sawa", tayari una kitu mkononi. Asipojibu, umejifunza jambo muhimu kumhusu, na umelijifunza mapema.

Halafu usisubiri miezi 3 iishe. Kwa gari la yadi mimi ningelikagua mara mbili: kabla ya kulipa, na tena wiki ya 9 au ya 10. Gari lililosafirishwa na kuegeshwa kwa muda mrefu linaanza kusema ukweli likishatumika kwenye foleni ya Thika Road na matuta ya mtaani.

Nani akague, na umwambie nini

Usichanganye ukaguzi huu na ule wa NTSA. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na kinachotafutwa pale ni usalama barabarani: breki, taa, tairi, usukani. Gari linaweza kupita pale na bado likawa na pampu ya maji inayokaribia kuaga.

Unachotaka ni mtu wa kuliinua gari, kuangalia chini kwa tochi, kuliendesha, na kulichomeka kwenye mashine ya kusoma makosa. Magari ya siku hizi huweka kumbukumbu za hitilafu hata taa ya dashibodi haijawaka. Mwambie akupe karatasi au akuache upige picha ya skrini kabla hajafuta chochote, maana mafundi wengine hufuta kwanza halafu wanakuambia "iko safi". Bila shaka iko safi, si umefuta!

Unaweza kuanza na AA Kenya, ambao wamekuwa kwenye mambo ya magari nchini tangu 1919, au gereji huru unayoiamini. Faida ya kuanza nje ni kwamba anayekagua hana haja ya kuficha kitu ambacho yeye mwenyewe angelazimika kukitengeneza bure. Lakini mpe amri moja isiyo na mjadala: aangalie, asifungue. Masharti ya waranti nyingi yanasema kazi ikifanywa na mtu asiyeruhusiwa, muuzaji anaweza kukataa dai lako. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa mzuri kuliko wote wa showroom, lakini akishafungua boliti moja ya giaboksi, amempa muuzaji sababu.

Kuna mambo madogo ambayo watu huharibia hapa. Usipeleke gari carwash kwanza, hasa kuosha injini. Najua ni aibu kupeleka gari chafu kwa watu, lakini ule uchafu wenye unyevu ndio ushahidi wa mahali oili inapotokea. Pia, kama gari hulia asubuhi tu likiwa baridi, liache kwao usiku kucha ili waliwashe wenyewe asubuhi. Ukifika nalo saa tano limeshapata moto, watakuambia hawakusikia kitu, na watakuwa wanasema kweli.

Ukifika kwa muuzaji usiseme "angalieni kila kitu". Hiyo sentensi haina maana kwenye karatasi. Andika kama mtu anayeandikia kesi: mlio mbele kushoto nikifika kilomita 80 kwa saa, gia inachelewa kuingia asubuhi, unyevu chini ya injini upande wa abiria. Kila kimoja kiingie kwenye ile karatasi ya kazi wanayofungua ukipokelewa, pamoja na tarehe na kilomita, kisha upewe nakala.

Shangazi yangu ana pikapu ya kubeba viazi kutoka Nyandarua hadi Nairobi. Aliinunua mpya. Wiki 5 kabla ya waranti kuisha aliipeleka ikakaguliwe, na akawaambia usukani una kamchezo kadogo na kuna unyevu kwenye raba ya reki. Kijana wa mapokezi akamwambia, "Mama, hiyo ni kawaida ya hii model." Shangazi akamwambia, "Basi andika hapo kwamba ni kawaida." Kijana akasita. Shangazi akakaa chini. Mwishowe ikaandikwa: mteja amelalamikia usukani, unyevu umeonekana, ifuatiliwe. Wiki 7 baadaye reki ikaanza kumwaga kabisa. Kufikia hapo waranti ilikuwa imepita kwa wiki 2, na bei aliyotajiwa mwanzo ilikuwa KSh 84,000. Alitoa ile nakala kwenye mkoba. Ilichukua siku 3 za simu na meneja mmoja kuitwa kutoka ofisini, lakini reki ilibadilishwa na hakulipa. Hiyo 84,000 ilikuwa karo ya muhula wa binamu zangu wawili.

Ninachokipenda kwenye hadithi hiyo ni kwamba hakupiga kelele. Alisema waandike.

Lipia mahali panapoonekana

Sasa tuje kwa upande wetu sisi watu wa pesa za simu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza waranti bila kujua.

Unapeleka gari sevisi. Fundi wa ndani ya hiyo hiyo gereji anakunong'oneza, "Boss, tuma kwa namba yangu, nitakufanyia bei poa." Unatuma. Oili inabadilishwa, pengine hata vizuri. Lakini kwenye vitabu vya kampuni gari lako halikuja. Mwaka ujao ukidai waranti watafungua mfumo na kukuambia kuna sevisi moja uliruka. Utaonyesha ujumbe wa malipo, na ujumbe unaonyesha jina la mtu, halina uhusiano na kampuni. Umeokoa elfu moja ukapoteza injini.

Kwa hivyo lipa kwa till au paybill ya biashara yenyewe, na usome jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Kama ni paybill na sehemu ya akaunti inakubali, weka namba ya gari. Miaka miwili baadaye ukitafuta kwenye taarifa ya akaunti yako, KDA fulani itajitokeza yenyewe.

Lakini ujumbe wa malipo peke yake hautoshi, na nasema hivi nikiwa naandika kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Ujumbe unasema nani alilipwa, kiasi gani, saa ngapi, na kodi ya muamala. Hausemi kilomita, hausemi oili gani iliwekwa, hausemi kama waliangalia ile beringi. Chukua risiti pia, ile ya eTIMS yenye alama ya KRA kama biashara imesajiliwa, na uhakikishe kitabu cha sevisi kimepigwa muhuri. Halafu andika kodi ya muamala juu ya risiti kwa kalamu. Piga picha vyote viwili pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita. Picha tatu, dakika moja. Ukipoteza simu, taarifa ya akaunti bado unaweza kuiomba kwa mtoa huduma wako, na picha ziko kwenye barua pepe kama ulijitumia.

Pesa ya ukaguzi yenyewe si lazima iwe mshtuko. Tuseme gereji yako inataka KSh 5,000 kwa ukaguzi kamili. Shilingi 100 kila Jumapili kwenye akiba ya simu, wiki 50, umefika. Mtu wa teksi anayepiga kilomita zile nilizotaja ana wiki 83, hata 70 kwa wiki inamtosha na inabaki kidogo.

Na onyo moja la haraka. Mtu akikupigia kusema ni wa kampuni ya magari na waranti yako itaongezwa ukituma pesa sasa hivi, au atakurudishia pesa ya spea ukimpa PIN, kata simu. Hakuna dai la waranti linalohitaji PIN yako. Piga namba iliyo kwenye kitabu chako.

Namba yetu wanayo

Wacha nitoe dukuduku. Nilisomea masoko chuo kikuu, najua jinsi orodha za wateja zinavyofanya kazi. Muuzaji wa gari ana jina lako, namba yako ya simu, tarehe uliyochukua gari, na kila ukienda sevisi anaandika kilomita zako. Anakutumia ujumbe siku ya kuzaliwa. Anakutumia ujumbe kukiwa na ofa ya tairi. Kama mfumo wake unaweza kukumbuka kwamba nilizaliwa mwezi wa Agosti, unashindwaje kukumbuka kwamba waranti yangu inaisha mwezi wa Agosti?

Haushindwi. Hakuna aliyeuambia ukumbuke. Ujumbe wa tairi unaleta pesa na ujumbe wa waranti unaleta kazi ya bure, kwa hivyo mmoja unaandikwa na mwingine hauandikwi. Simlaumu kijana anayetuma hizo SMS, na huenda siku moja nitakuwa mimi. Lakini nadhani biashara inayofikiria mbali ingeutuma, siku 60 kabla, kwa lugha nyepesi: "Waranti yako inaisha tarehe hii au kilomita hizi. Leta gari tuliangalie." Mteja aliyetengenezewa bure wiki ya mwisho ndiye anayemleta shemeji yake kununua gari mwaka ujao. Hakuna bango la Mombasa Road linaloweza kufanya hiyo kazi.

Hadi hapo watakapoanza, kumbusho ni lako. Na ukienda, kuna uwezekano watakuuzia waranti ya nyongeza. Si lazima iwe mbaya, lakini usilipie kabla ya kuona ripoti ya ukaguzi. Gari likiwa safi kabisa, una nguvu ya kujadili bei. Likiwa na shida, shida hizo zitengenezwe chini ya waranti ya zamani kwanza, maana ya nyongeza inaweza kusema haifuniki ubovu uliokuwepo.

Wakikataa

Omba wakatae kwa maandishi. Barua pepe inatosha. Mtu anayekataa kwa mdomo kirahisi huanza kufikiria upya akiambiwa aandike sababu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba alichouza kina ubora wa kuridhisha, hata kama hakukupa kitabu chochote. Hili linawahusu hata watu wa yadi. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kama ni pesa unayodai, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi KSh 1,000,000. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utakachoweka mezani pale ni zile picha tatu, nakala ya karatasi ya kazi, na taarifa ya malipo.

Kama waranti imeshapita na unasoma haya na mkono kichwani, usirudi nyumbani bado. Kama imepita kwa siku au wiki chache, sevisi zako zote zimepigwa muhuri, na shida iliwahi kutajwa kwenye karatasi hata mara moja, nenda uwaombe wagharamie spea na wewe ulipie fundi. Si haki yako kwa mujibu wa kitabu, ni ombi, na wauzaji wengine hukubali kwa mteja ambaye rekodi zake ziko sawa. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, uliza meneja wa sevisi, si mapokezi, na ubebe kile kitabu kutoka dashibodi.